Kamusi za Kiaramu zikipimwa kwa neno moja: medinta

Ukitaka kujua kamusi ya Kiaramu, lugha ndugu ya Kiebrania iliyotumika katika sehemu za Danieli na Ezra, ina uzito gani, usiipime kwa neno la nadra. Ipe neno la kila siku lililohama maana njiani. Medinta linafaa kuliko mengi. Katika barua za serikali ya Waajemi ni eneo la utawala, kwa Wasiriaki, Wakristo wa Mashariki wenye Kiaramu chao, ni mji, kwa Waarabu ni mji vilevile, na katika Kiebrania cha leo ni dola yenye bendera na pasipoti. Kamusi inayojibu "jimbo" kisha ikanyamaza haijasema uongo, ila imekuacha njia panda.

Zinazopimwa hapa ni tano: faharasa ya maneno ya Biblia ya Strong (1890), kamusi ya Brown, Driver na Briggs (1906), ambayo wanafunzi huiita BDB, ya Jastrow (1903), ya Kisiriaki ya Jessie Payne Smith (1903), na hazina ya mtandaoni Comprehensive Aramaic Lexicon, kwa kifupi CAL, inayotunzwa na Hebrew Union College, Cincinnati. Nne za karatasi ni za zamani kiasi kwamba nakala zake za picha husomwa bure mtandaoni, na ya tano ni bure tangu mwanzo. Zote zinafafanua kwa Kiingereza, kwa hiyo kazi ya mwisho, ya kuchagua kati ya jimbo, mkoa, wilaya na nchi, unabaki nayo mwenyewe.

Kwanza umbo la neno, maana nusu ya makosa huanzia hapo. Mzizi ni d-y-n, kuhukumu, ule ule ulio ndani ya jina Danieli, "Mungu ni mwamuzi wangu". Kiambishi m- kinaugeuza kuwa jina la mahali. Medina, basi, kwa asili ni pale hukumu ya mtu mmoja inapofika. Kiswahili kina kitu cha namna hiyo: wilaya ilitoka kwenye neno la Kiarabu la mamlaka, na liwali ni mtu wa mzizi huo huo. Mamlaka yalitangulia, ardhi ikapewa jina lake.

Likisimama peke yake, neno ni medina. Likifuatwa na jina, kama katika "medina ya Babeli", linakuwa medinat. Likitaja kitu ambacho msikilizaji tayari anakijua, linachukua -ta mwishoni: medinta. Wingi ni medinan, na wingi wa kitu kinachojulikana ni medinata. Sasa ondoa irabu, kama waandishi wa kale walivyofanya. Medinta (moja) na medinata (nyingi) zinaandikwa kwa herufi zile zile sita: memu, daleti, yodi, nuni, tau, alefu. Kinachozitenga ni nukta za irabu tu, zilizoongezwa na wataalamu wa Kiyahudi karne nyingi baadaye.

Hapo ndipo penye kosa linalozagaa kuliko yote. Jimbo dogo la Yuda chini ya Uajemi huitwa mtandaoni "Yehud Medinata", na wengi wanalinakili hivyo wakidhani wamenukuu Ezra 5:8. Andiko la Ezra 5:8, kwa irabu zake, linasema Yehud medinta, umoja. Medinata yenye -ata iko Danieli 3:2, pale mfalme anapoita wakuu wote wa majimbo. "Yehud Medinata" ni kama kusema "Yuda, majimbo". Kamusi nzuri inatakiwa ikuokoe hapa, na kipimo cha kwanza cha tathmini hii ni hicho: je, inaonyesha maumbo yote pamoja na aya zake, au inatoa umbo moja la kichwa tu?

Strong haionyeshi. Hiyo si kamusi hasa, ni mfumo wa anwani, na kama anwani ni kazi bora. Neno la Kiebrania lina namba 4082, la Kiaramu lina namba 4083. Mgawanyo huo peke yake una faida kubwa, kwa sababu kitabu cha Danieli kina lugha mbili. Kiaramu chake kinaanza katikati ya 2:4 na kuishia mwisho wa sura ya 7. Ezra ana Kiaramu kuanzia 4:8 hadi 6:18, kisha 7:12 hadi 7:26. Medina ya Danieli 8:2 na ya 11:24 ni za Kiebrania, na Esta yote ni Kiebrania. Ukifuata namba 4083 unapata mahali 11 tu: Danieli 2:48, 2:49, 3:1, 3:2, 3:3, 3:12 na 3:30, Ezra 4:15, 5:8, 6:2 na 7:16. Unaweza kuzisoma zote kabla chai haijapoa.

Ukifika kwenye maelezo yenyewe, Strong anakata tamaa haraka. Chini ya 4083 anakurudisha 4082, na ni huko 4082 ndiko anakotaja mamlaka ya mwamuzi, kisha eneo. Asiyefuata kielekezi hicho anaondoka na neno moja, "jimbo". Tena Strong anakiita Kiaramu "Kikaldayo", kama Jastrow, kwa sababu Danieli 2:4 ilisomwa zamani kana kwamba ndiyo lugha ya kabila la Wakaldayo. Ukiona kifupi "Chald." au "ch." usitafute lugha nyingine, ni Kiaramu hicho hicho.

BDB ndiyo inayowaudhi wanaoanza, na kwa haki. Imepangwa kwa mizizi. Mtu anakwenda herufi ya memu kutafuta kidahizo (neno linalofafanuliwa) cha medina, anakuta kielekezi kifupi au hakioni kabisa, anahitimisha kuwa kamusi ni pungufu. Neno liko chini ya daleti, kwenye mzizi d-y-n. Tena liko mahali pawili: la Kiebrania kwenye mwili wa kitabu, la Kiaramu kwenye sehemu ya nyuma iliyotengwa kwa ajili ya Kiaramu cha Biblia. Njia salama ni kufungua nyuma kwanza, kutafuta d-y-n, kisha kushuka hadi kwenye nomino zenye m-.

Ukishafika, unalipwa. BDB inakupangia maumbo moja moja: lililo peke yake, la kuunganishwa, lenye -ta, na wingi, kila moja na aya yake. Ugomvi wa medinta na medinata unaisha hapo. Kasoro yake ni umri. Ilikamilika mwaka 1906, wakati mafunjo (maandishi ya kale kwenye karatasi za matete) ya Elefantini, kile kisiwa cha Mto Naili karibu na Aswan ambako kikosi cha Wayahudi kilikaa chini ya Waajemi, yalikuwa ndiyo kwanza yanatoka. Yale ya Berlin yalichapishwa na mtaalamu Mjerumani Sachau mwaka 1911. Kwa hiyo Kiaramu cha ofisini cha karne ya 5 KK, ambacho ndicho hasa kinachoangaza barua za Ezra, BDB haina sehemu yake kubwa.

Na pengo hilo si dogo. Barua ya mwaka 407 KK kutoka Elefantini inaandikiwa Bagohi, gavana wa Yehud, na cheo chake ni peha. Ezra anawapa cheo hicho hicho watu wa ngazi tofauti: Tatenai, aliyesimamia eneo lote la Ng'ambo ya Mto Frati, na mkuu wa Wayahudi aliyekuwa chini yake. Medina nalo linafanya hivyo hivyo. Medina ya Babeli ni nchi kubwa. Medinta ya Yehud ni kipande kidogo ndani ya Ng'ambo ya Mto. Hesabu za kale zinathibitisha kuwa neno si ngazi moja ya cheo: Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, anahesabu maeneo makuu 20 ya kodi katika dola ya Dario, Danieli 6:1 inataja maliwali 120 (6:2 katika hesabu ya andiko la Kiaramu), na Esta 1:1 inataja medina 127. Anayelazimisha hesabu hizi zilingane ameshapoteza siku yake. Kamusi inayotafsiri medina kwa neno lile lile inalotumia kwa eneo la mkuu wa Kiajemi inamtia msomaji kwenye mtego huo, na kati ya hizi tano hakuna inayotoa onyo la wazi.

Jastrow ni jambo jingine. Haikuandikwa kwa ajili ya Biblia bali kwa ajili ya vitabu vya marabi, yaani Mishna (mkusanyo wa sheria), Talmudi zote mbili (mijadala juu ya sheria hizo) na Midrashi (ufafanuzi wa Biblia), pamoja na Targumu, tafsiri za Biblia kwa Kiaramu. Imepangwa kwa alfabeti, kwa hiyo medina liko memu, huhitaji kujua mzizi. Vifupi viwili vinatosha kuifungua: "b. h." maana yake neno limo pia katika Kiebrania cha Biblia, na "ch." maana yake umevuka kuingia Kiaramu. Usipoviona, utachanganya mistari ya Kiebrania cha marabi na ya Kiaramu chao, maana zimelala jirani.

Thamani ya Jastrow ni kwamba inakuonyesha neno likitembea. Katika Mishna, mlango wa kwanza wa Gittin unaanza na mtu anayeleta hati ya talaka kutoka "medina ya bahari", yaani ng'ambo, nchi ya mbali. Hapo medina si jimbo wala mji. Mahali pengine, Rosh Hashana 4:1, sikukuu ya mwaka mpya wa Kiyahudi ikiangukia Sabato pembe inapulizwa hekaluni lakini si katika medina. Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi wa Zama za Kati, alilisoma neno hilo kuwa kila kilicho nje ya hekalu, Yerusalemu ikiwamo. Maimonides, mwanasheria wa Kiyahudi wa zama hizo hizo, aliitia Yerusalemu yote upande wa hekalu, na medina ikawa miji mingine. Sheria nzima inaning'inia kwenye mpaka wa neno moja. Mtu aliyetoka Strong na "jimbo" lake mkononi hawezi hata kuelewa walichokuwa wakibishania.

Lakini usimwamini Jastrow kwa asili za maneno bila kushauriana na mwingine. Inajulikana kuwa alipenda kuyapatia maneno mizizi ya Kisemiti hata pale Kigiriki kilipokuwa wazi. Kwa medina hakukosea. D-y-n ni sahihi.

Kuna hatari ya macho pia, na inawapata zaidi wanaosoma nakala za picha zilizofifia. Mashariki kwa Kiaramu cha Kiyahudi ni madinha, na likiandikwa na yodi na alefu ya mwisho, tofauti yake na medinta ni herufi moja: heti mahali pa tau. Katika hati ya mraba, ile ya kawaida ya vitabu vya Kiebrania, herufi hizo mbili zinafanana kama mapacha. Tau ina kiguu kidogo kilichopinda chini kushoto, heti haina. Programu zinazogeuza picha kuwa maandishi hukosea hapo mara kwa mara, na utafutaji wako wa "jimbo" unarudi na aya za jua linalochomoza. Ukikuta tafsiri yenye "mashariki" mahali ambapo hapaingiliani na dira, kuza picha na uangalie kiguu.

Kamusi ya Payne Smith inahitaji maneno machache tu. Inajibu swali moja, Kisiriaki, na inalijibu vizuri: mji. Katika Peshita, Biblia ya Kisiriaki, Mathayo 5:14, mji usioweza kusitirika juu ya mlima ni medinta. Jambo la kushika ni matamshi. Nuni inaandikwa lakini haisomwi. Inamezwa na tau na unasikia mditta. Wino wa kistari juu au chini ya herufi ndio unaoonyesha kuwa imenyamazishwa, na kistari hicho ndicho cha kwanza kupotea kwenye nakala mbaya. Katika wingi, mdinata, nuni inarudi mdomoni. Kwa hiyo ukisikia mhubiri wa Kisiriaki akisema mditta, usiende kutafuta mzizi m-d-t, haupo.

Ni CAL peke yake inayoweka safari yote mahali pamoja. Inakusanya Kiaramu kutoka maandishi ya karne ya 9 KK hadi karne ya 13 BK, na kila maana inawekewa alama ya lahaja inakopatikana. Hilo ndilo medinta linalohitaji. Unaona eneo la utawala likiwa na Kiaramu cha dola na cha Biblia, na mji ukiwa na Kisiriaki, bila kubahatisha. Kutoka kwenye kidahizo unaweza kwenda moja kwa moja kwenye maandishi yenye neno hilo.

Matumizi yake yana ukaidi kidogo. Unaandika kwa herufi za Kilatini, konsonanti tu, na kidahizo cha nomino za jinsi ya kike kiko katika umbo la peke yake lenye h mwishoni. Andika mdynh. Ukiandika medinta kwa irabu kama unavyoitamka, hupati kitu. Ukitafuta kwa mdyn na kuacha mwisho wazi, jiandae kumkuta Midiani, maana jina hilo bila irabu ni herufi hizo hizo nne. Herufi nyingine zina kanuni zake: heti ni x, teti ni T kubwa, shini ni $. Medinta lina bahati kwamba halina hata moja kati ya hizo, kwa hiyo ni neno zuri la kujifunzia mfumo. Sura ya tovuti ni ya kizamani, na baadhi ya vidahizo bado vina tafsiri fupi bila mifano, kazi inaendelea. Ukiinukuu kwenye andiko lako, weka tarehe uliyoifungua, kwani kesho maelezo yanaweza kuwa yamerekebishwa.

Kiarabu hakimo katika kamusi hizi isipokuwa kwa kutajwa, na ni hasara kwa msomaji wa Kiswahili, kwa sababu ndiyo njia ambayo neno lilitufikia. Madina ni neno lililoingia Kiarabu kutoka Kiaramu, na wanasarufi wa Kiarabu wenyewe walibishana kama mzizi ni d-y-n au m-d-n. Wingi wake, madain, uliomo katika kisa cha Firauni ndani ya Qurani, una hamza pale katikati, na hamza hiyo inaonyesha kuwa m ilishahesabiwa kuwa sehemu ya mzizi. Kutoka mzizi huo mpya likazaliwa tamaddun, kuishi kimji, na kutoka huko sisi tukapata utamaduni. Hivyo m iliyokuwa kiambishi tu kwa Waaramu ndiyo imeshika kiti cha mzizi katika neno letu.

Sasa kutafsiri. Biblia ya Kiswahili ya Muungano inaweka "wilaya ya Babeli" katika Danieli 3:1 na "majimbo" katika Esta 1:1, kwa neno lile lile. Si kosa, lugha ni mbili na watu wa kazi hiyo walikuwa na masikio yao. Lakini wilaya ina tatizo la ngazi: nchini Tanzania wilaya iko chini ya mkoa, nchini Algeria ndiyo ngazi ya juu kabisa chini ya serikali kuu. Msomaji wa leo anapoona wilaya ya Babeli anafikiria mkuu wa wilaya na ofisi yenye bati, si nchi iliyotawala nchi. Jimbo ni pana zaidi na halimlazimishi msomaji kupanga ngazi, kwa hiyo kwa Danieli na Ezra tunalipendelea. Kwa Kisiriaki andika mji bila wasiwasi. Kwa Mishna, tafsiri kila mahali peke yake.

Anayedhani "mji" lingefaa kote ajaribu Ezra 4:15 na 6:2. Katika aya ya kwanza Yerusalemu inaitwa qirya, mji, mji mwasi unaowadhuru wafalme na medinan. Ukitia miji mahali pa medinan, mshitaki na anayeshitakiwa wanakuwa kitu kimoja. Katika ya pili hati inapatikana Ahmeta, katika birta, ngome, iliyo katika Umedi medinta. Mji, ngome na jimbo vimewekwa kimoja ndani ya kingine kama sufuria za dukani, na Umedi haukuwahi kuwa mji.

Mwenye maktaba ya chuo jirani aombe juzuu ya 5 ya kamusi ya Koehler na Baumgartner, iliyotolewa kwa Kiingereza mwaka 2000. Hiyo ni ya Kiaramu cha Biblia peke yake, imepangwa kwa alfabeti, na inajua mafunjo ambayo BDB haikuyaona. Asiye nayo aanze na namba 4083 ya Strong kwa ajili ya orodha, afungue BDB nyuma kwenye d-y-n kwa ajili ya maumbo, kisha aandike mdynh ndani ya CAL. Jastrow na Payne Smith wasubiri mpaka andiko lenyewe liwaite.